Kiungo cha Anuani na Barua za Watu wa Juba

Matangazo ya kazi katika mji wa Juba, hasa yale ya mashirika yasiyo ya kiserikali, aghalabu humalizikia kwa maelekezo ya namna mbili: mwombaji achukue maombi yake yaliyopigwa chapa akayakabidhi mwenyewe katika ofisi ya shirika, ama ayatume kwa barua pepe kwa anuani iliyoandikwa pale chini kwa rangi ya buluu na kupigiwa mstari. Njia ya kwanza inataka nauli ya boda-boda, karatasi, wino wa printa na asubuhi nzima ya jua. Ya pili ingepasa kutaka kubonyeza mara moja tu na kuandika. Basi mwombaji aliyekaa mbele ya kompyuta ya kukodi, ambaye dakika zake zinahesabiwa na mwenye duka, huibonyeza ile anuani ya buluu akitaraji kuona waraka mtupu wenye jina la mpokeaji juu yake, na badala yake huzukiwa na dirisha la programu asiyoijua, likimtaka afungue akaunti mpya, ataje seva ya kupokelea na seva ya kupelekea, na athibitishe mambo ambayo hajapata kuyasikia; au pengine hakizuki kitu chochote, kiungo kimebonyezwa na ukurasa umebaki vile vile ulivyokuwa.

Wengi hudhani kwamba kompyuta ni mbovu, au kwamba mtandao umekatika, au kwamba shirika limekwisha kulifunga tangazo lake. Hakuna hata moja katika haya. Kilichotokea ni kwamba kivinjari kimemkabidhi barua tarishi asiyekuwapo, ilhali tarishi wa kweli, yaani ile huduma ya barua ambayo mwombaji huifungua kila siku ndani ya kivinjari hicho hicho, yupo karibu wala hakuulizwa. Dawa ya maradhi haya ni kubadilisha mpango mmoja, kazi isiyozidi dakika mbili, na mimi nasadiki kwamba kila mwenye kusoma na kuandika katika mji huu ana haki ya kuijua, kwa sababu hapa Juba barua inayosomwa katika kivinjari haikuingia kwa anasa wala kwa kufuata mtindo wa wakati. Iliingia kwa dharura, na sababu zake zafaa kuelezwa kabla ya kueleza mpango wenyewe.

Asili ya kiungo hiki ni ya zamani kwa hesabu ya intaneti. Mwezi wa Desemba 1994, Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pamoja na wenzake Larry Masinter na Mark McCahill, walitoa waraka wa kuweka kanuni za anuani za intaneti, na miongoni mwa aina za anuani walizozitaja ilikuwamo ile inayoanza kwa mailto na nukta mbili, kisha ikafuata anuani ya mtu. Anuani ya namna hii haimpeleki msomaji kwenye ukurasa wowote. Inaiambia kompyuta kwamba msomaji ataka kumwandikia fulani, kisha inaiachia kompyuta yenyewe itafute chombo cha kuandikia. Mwezi wa Julai 1998 kanuni hiyo ilipanuliwa, kiungo kikaweza kubeba pia kichwa cha barua, maneno ya mwanzo na majina ya watakaopelekewa nakala. Na mwaka 2010 ikatengenezwa tena, ili kichwa na maneno hayo yaweze kuandikwa kwa hati zisizo za Kilatini, Kiarabu kikiwa mojawapo, jambo lenye manufaa dhahiri katika mji ambao Kiarabu cha Juba husikika kila soko na kila mtaa.

Mmoja wa waandishi wa kanuni ya mwaka 1998 alikuwa Jamie Zawinski, aliyepata kufanya kazi katika kampuni ya Netscape, na jambo hili linatufunulia walivyofikiri watu wa zama zile. Programu ya Netscape Navigator 2.0, iliyotoka mwaka 1996, ilikuwa na sehemu ya kusomea wavuti na sehemu ya kusomea barua chini ya dari moja. Aliyebonyeza anuani katika ukurasa aliipata barua mpya papo hapo, kwa kuwa msomaji na mwandishi walikaa katika programu ile ile. Ilidhaniwa kuwa kila mtu atakuwa na kompyuta yake mwenyewe juu ya meza yake mwenyewe, na ndani yake mna programu ya barua iliyokwisha kupangwa na fundi wa ofisi. Dhana hiyo ilikuwa sahihi kwa meza za California. Lakini katika mwaka ule ule wa 1996, tarehe 4 Julai, ilifunguliwa Hotmail, huduma ambayo barua zake hazikuhifadhiwa katika kompyuta ya msomaji bali katika mashine za mbali, na zikasomwa kwa kivinjari chochote, popote. Baada yake zikaja Yahoo Mail na, tarehe 1 Aprili 2004, Gmail. Watu wakahama. Kiungo hakikuhama pamoja nao, kikabaki kukigonga kile chumba cha zamani ambacho wenyewe wamekwisha kukitoka.

Katika Juba mtu hawezi kusema kwamba watu walihama, kwa maana wengi hawakupata kukikaa chumba hicho hata siku moja. Historia ya barua katika nchi hii ni historia ya masafa. Katika stempu ya kwanza iliyochorwa mahususi kwa ajili ya Sudan, iliyotolewa mwaka 1898, alichorwa tarishi wa posta juu ya ngamia, na picha hiyo ikadumu miaka mingi mno; lakini huku kusini, penye vinamasi vya Sudd, ngamia hakuwa na kazi, na barua zilipanda mto kwa meli za moshi kutoka kaskazini, safari ya siku nyingi kupitia Malakal na Bor. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilizochukua barua baina ya London na Cape Town zilitua Juba, hata mji huu mdogo wa ukingoni mwa Mto Nile, ambao ulikuwa ndio kwanza umejengwa kuwa makao ya serikali ya mkoa, ukawa kituo katika njia ya mifuko ya posta ya Afrika ya mashariki. Fahari ile haikudumu. Vita vya kwanza vya wenyewe kwa wenyewe, kisha vya pili vilivyoanza mwaka 1983, vilizikata barabara na mto pamoja, na barua ya mwana kwa mama ikawa inachukuliwa mkononi na msafiri, au na padre, au na ndege ya misaada, na pengine haikufika.

Chuo Kikuu cha Juba, kilichoasisiwa mwaka 1975, kililazimika mwaka 1989 kuhamia Khartoum, na hakikurejea makao yake mpaka vita vilipokwisha. Nakitaja chuo hiki kwa sababu ndani ya kisa chake mna kisa cha wenye elimu wote wa nchi hii: wanafunzi, walimu na makarani waliotawanyika Khartoum, Kairo, Nairobi, Kampala, Kakuma, hata Marekani na Australia, wasio na sanduku la posta lililodumu mahali pamoja. Amani ya mwaka 2005 ilipotiwa sahihi jijini Nairobi, na watu wakaanza kurudi Juba, na mashirika na mabenki ya jirani yakafungua ofisi zao, wengi walikuja na anuani zao za Yahoo, Hotmail na Gmail vichwani, wakiwa wamezipata katika miji ya ugenini. Hawakuja na kompyuta. Walikuja na neno la siri, na neno la siri halichukui nafasi katika mzigo.

Nchi ilipopata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011, alama nyingi za dola zilipatikana upesi: msimbo wa simu +211 ulianza kutumika mwaka ule ule, na mwezi wa Oktoba Sudan Kusini ikapokewa katika Umoja wa Posta Duniani. Lakini kikoa cha nchi katika intaneti, yaani .ss, hakikuingizwa katika orodha kuu ya majina ya intaneti mpaka mwaka 2019, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano. Kwa muda wote huo hata ofisi nyingi za serikali zilitumia anuani za bure za makampuni ya kigeni, na halikuwa jambo la ajabu kumwona mkurugenzi wa idara akitoa kadi yenye nembo ya taifa, na chini ya nembo anuani ya Gmail au ya Yahoo. Wako waliolilaumu jambo hilo kwa ajili ya heshima na usalama wa siri za dola, na lawama yao ina msingi. Ila mimi sithubutu kumlaumu karani ambaye nchi yake ilikuwa haijapata jina katika intaneti.

Kisha ikaja Desemba 2013, na baada yake Julai 2016. Katika siku zile za mapigano mjini, ofisi na nyumba ziliporwa, na kompyuta na mafaili vikachukuliwa. Mtu alikimbia na watoto na nguo chache, akavuka Nimule kuingia Uganda, na kambi ya Bidi Bidi iliyofunguliwa mwezi wa Agosti 2016 ikajaa katika muda wa miezi michache. Kwa yule aliyekuwa na barua zake katika programu iliyokaa ndani ya kompyuta ya ofisi, mawasiliano yake yote yaliweza kupotea pamoja na kompyuta hiyo: barua ya ajira, nakala ya cheti, ushahidi wa mshahara usiolipwa. Aliyekuwa na barua zake katika mashine za mbali aliweza kuzifungua tena katika simu ya kuazima, akazikuta zote. Faida hii ni kubwa mno, na ndiyo inayonifanya niseme kwamba barua ya kivinjari imestahili kuwa barua ya watu wa Juba, na kwamba vivinjari vyao vifundishwe kuitambua.

Haki inanitaka nitaje pia hoja ya upande wa pili, ambayo si dhaifu. Programu ya barua iliyo ndani ya kompyuta, kama Thunderbird, hupakua barua zote na kumwezesha mwenyewe kuzisoma na kuandika majibu bila ya mtandao, kisha huyatuma majibu mtandao unaporudi; na katika mji ambao kwa miaka mingi intaneti ilishuka kutoka satelaiti kwa bei ya juu, ambao waya wa kioo kutoka mpaka wa Uganda uliufikia mwaka 2020 tu, na ambao umeme wa nyumba nyingi ni wa jenereta au wa jua, sifa hiyo si ndogo. Mwenye kompyuta yake binafsi, asiyeishiriki na mtu, na mwenye diski ya akiba anayoitunza, atafanya vema kuitumia programu ya namna hiyo, na kwake yeye kiungo cha anuani hakina taabu yoyote. Lakini wangapi wako katika hali hiyo? Kompyuta ya Juba aghalabu ni ya watu wengi: ya duka, ya maktaba, ya ofisi yenye makarani watatu na mashine moja, ya shemeji aliyoiazimisha. Programu ya barua huitaka kompyuta iwe na mwenyewe mmoja. Huduma ya kivinjari haitaki hivyo.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Vivinjari vingi vya leo vinakubali kwamba tovuti ya barua iombe kupewa kazi ya kufungua viungo vya anuani, na mwenye kompyuta akubali au akatae. Firefox ilianza kufanya hivyo katika toleo lake la 3, mwezi wa Juni 2008, na vingine vikafuata. Anayetumia Chrome aifungue Gmail kwanza, aingie katika akaunti yake, kisha atazame mwisho wa kile kisanduku cha juu ambamo anuani ya tovuti huandikwa: huko hutokea alama ndogo ya maumbo mawili ya almasi yaliyopandana. Akiibonyeza, ataulizwa kama airuhusu Gmail kufungua viungo vyote vya barua pepe. Aruhusu, athibitishe, na kazi imekwisha. Ikiwa alama ile haionekani, huenda aliyetumia kompyuta kabla yake alikwisha kukataa, na kivinjari kimelihifadhi katazo. Hapo aingie katika mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, ateremke mpaka kwenye ruhusa za ziada, na humo ataikuta orodha ya itifaki na tovuti zinazozishughulikia, aondoe katazo na arudi kujaribu upya. Katika Edge njia inafanana na hiyo, ijapokuwa majina ya sehemu hutofautiana kidogo.

Firefox ina utaratibu ulio wazi zaidi, na kwa maoni yangu ndio bora. Mtu hufungua mipangilio, akabaki katika ukurasa wa mwanzo wa mambo ya jumla, akateremka mpaka sehemu ya programu, na humo akaona orodha ya aina za mafaili na viungo. Katika mstari wa mailto huchagua kama kiungo kifunguliwe kwa programu ya kompyuta, au kwa Gmail, au kama kivinjari kimwulize kila mara. Katika kompyuta ya watu wengi, hilo la kuulizwa kila mara ndilo la busara, kwani mmoja ana Gmail na mwingine hana. Mwenye Mac anayetumia Safari hatapata mlango huu, kwa kuwa Safari haikuujenga; kwake yeye chaguo hufanywa ndani ya programu ya Mail ya Apple, ambako hutajwa ni programu ipi itakayoshika barua, na kivinjari kingine kama Chrome chaweza kutajwa hapo.

Kuna jambo ambalo huwachanganya hata waliokwisha kufanya haya yote. Matangazo mengi ya kazi husambazwa kama faili la PDF, likipita kutoka simu hadi simu kwa WhatsApp. Faili hilo likifunguliwa ndani ya kivinjari, kiungo chake kitafuata mpango wa kivinjari. Lakini likifunguliwa kwa programu nyingine, au likiwa ni waraka wa Word, kiungo kitakwenda kwa Windows, na Windows ina mpango wake peke yake. Hapo yapasa kuingia katika mipangilio ya Windows, sehemu ya programu za kawaida, kutafuta aina ya kiungo iitwayo MAILTO, na kuikabidhi kwa kile kivinjari kilichokwisha kuelekezwa kwenye Gmail. Asiyefanya hivyo ataletewa Outlook, au katika Windows 10 ile programu ya zamani ya Mail, ambayo Microsoft iliacha kuisaidia tarehe 31 Desemba 2024, na ambayo imebaki katika kompyuta nyingi kuukuu zinazouzwa mjini.

Juu ya kompyuta ya duka lazima niseme kwa mkazo. Ruhusa iliyotolewa hukaa katika kivinjari, si katika akaunti ya mtu, na kiungo kitakapobonyezwa kitafungua sanduku la yeyote aliyeingia na hakutoka. Mwombaji akibonyeza anuani wakati akaunti ya mteja aliyetangulia bado iko wazi, barua mpya itafunguka kwa jina la mgeni yule, na akiwa na haraka aweza kuyatuma maombi ya kazi yake kutoka kwa mtu asiyemjua, majibu nayo yakamwendea mtu yule. Hata katika kompyuta ya nyumbani yenye akaunti mbili za Google zilizofunguliwa pamoja, kiungo huchukua ile ya kwanza, hivyo anayetenga anuani ya kazi na anuani ya jamaa atazame jina la mtumaji kabla ya kutuma. Na mwenye duka nakusihi: uweke utaratibu wa kuzitoa akaunti za wateja kila mmoja anapoondoka, au ukipange kivinjari kifute kumbukumbu zake kinapofungwa. Kadhalika ruhusa hii asipewe kila aombaye; ni ya tovuti ya barua unayoijua na kuitumia, na tovuti nyingine yoyote ikiiomba, ikataliwe.

Wenye simu, nao ndio wengi katika mji huu, hawapati taabu kubwa, kwani katika simu za Android programu ya Gmail huwa imekwisha kuwekwa na hukipokea kiungo yenyewe.

Lakini mzigo huu usiachiwe mwombaji peke yake. Anayetunga tangazo, awe ni afisa wa shirika katika mtaa wa Thongpiny au karani wa wizara, na aiandike anuani nzima kwa herufi zinazoonekana, wala asiifiche nyuma ya maneno kama «bonyeza hapa». Anuani inayoonekana yaweza kunakiliwa kwa kalamu na kwenda kuandikwa kwingine, hata katika simu ya rafiki, ilhali iliyofichwa hupotea pamoja na kiungo kilichogoma. Kisha akitumie kiungo kwa kadiri ya uwezo wake: kanuni ya mwaka 1998 inamruhusu kutia ndani yake kichwa cha barua, basi aweke jina la kazi na nambari ya tangazo, ili maombi yote yafike yakiwa na kichwa kimoja na kupangika yenyewe katika sanduku lake. Wasifu na vyeti havitajiambatanisha, kwa maana mailto haikupewa uwezo wa kuchukua faili kutoka kompyuta ya mtu, na ni heri iwe hivyo; yafaa tangazo limkumbushe mwombaji kuviambatanisha mwenyewe, na limtajie ukubwa wa mwisho wa faili utakaopokewa, kwa sababu kuna wanaolipia kila megabaiti.